Shika, Mdogo Wangu

Kulwa, pacha wangu,

Mjomba amelala kwenye kitanda chako. Amevua viatu, kofia ameifunika usoni, na anakoroma vilevile kama zamani, enzi zile tukimbana pua halafu tunatimua mbio. Lori la Kahama bado linapakia. Amesema likipiga honi nimwamshe tuondoke wote, wala hakuniuliza kama nataka. Nimekaa hapa mlangoni na karatasi hii gotini, maana kabla sijafika nyumbani Didia na kusimama juu ya kaburi lako, yapo mambo ni lazima uyasikie kwangu mwenyewe.

La kwanza ni nywele. Sijanyolewa. Siku ya tatu baada ya kukuzika, watu wakiwa bado wamelala uani na moto wa msiba unawaka, niliondoka alfajiri viatu mkononi. Sikumuaga Mayu. Mama yetu mzazi, Kulwa, nilimpita amejilaza kwenye mkeka na sikumuaga. Tulikuwa tunyolewe kesho yake, msiba ufungwe, na wembe ulikuwa umeshanunuliwa. Nikadandia gari la pamba hadi Kahama, pale nikapata lori la mbao, nikarudi huku machimboni. Wenzetu wakadhani msiba umekwisha, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Sababu ni hii. Siku tulipokufikisha nyumbani, Mayu aliniona mimi nikishuka garini kabla hajaliona sanduku. Alinyoosha mikono akaita jina lako. Alikuwa ameambiwa mmoja wetu amekufa, lakini yule aliyeleta habari hakujua ni yupi. Kisha wakaanza kukuteremsha, mtu akamwambia polepole kwamba huyu aliyesimama ni Doto, akanitazama tena, na ule uso wake sitaki kuueleza. Tangu saa ile nilikaa nyuma ya zizi. Niliona kila akinitazama mimi anakuona wewe, na kila akikuona wewe anafiwa upya. Ulikwenda na uso wako, nami nikabaki natembea na huohuo mbele ya mama yako kama mtu aliyevaa shati la marehemu kwenye matanga yake.

Ndiyo maana nilikimbia. Sasa nikwambie huku nilikuwa nafanya nini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa natazama video.

Ndiyo, ileile ya Shija wetu. Kibanda cha Mama Neema bado kipo, turubai lilelile linalovuja, magogo yaleyale yanayochana suruali, televisheni juu ya kreti la soda na jenereta nje inakohoa. Kanda yake kubwa bado ni ileile aliyoletewa na shemeji yake kutoka nje, iliyorekodiwa kutoka televisheni za watu, na matangazo yao ya sabuni humohumo. Wewe hata yale ya sabuni uliyasimulia.

Unakumbuka tulivyoianza? Tuliingia kukwepa mvua. Tukakuta kijana wa shule wa Kizungu, mwembamba, masikio kama vikombe, anachelewa darasani, anaogopa wasichana, mama yake anamgombeza. Nikasema hii ni ya watoto, twende zetu. Mara tofali likadondoka kutoka ghorofani, yule kijana akanyoosha mikono, na tofali likasimama hewani. Hukutaka tena kuondoka. Jina lake hakuna aliyelisikia vizuri, kila mtu alilitamka alivyojaliwa. Wewe ukasimama ukasema mbona ni rahisi, Mayu alizaa mapacha akaishia hapo, na anayefuata mapacha ni Shija, kwa hiyo huyu ni mdogo wetu amepotelea Ulaya. Kibanda kizima kilicheka. Kuanzia siku ile akawa Shija, na wewe ukawa msimuliaji, unawatafsiria watu picha ikiendelea.

Kiingereza chako kilikuwa cha darasa la saba, tusidanganyane. Nusu ya yale uliyokuwa unasema hayakuwemo. Mwalimu mkuu ulimfanya mwenyekiti wa chama cha msingi anayewapunja watu kwenye mizani ya pamba. Mama yake Shija ulimfanya agombeze kwa Kisukuma, na sauti ilikuwa ya Mayu kabisa, hadi mimi nikajikuta nimekaa vizuri. Lakini watu walikuja kwa ajili yako. Tangu utotoni wewe ndiye uliyekuwa mdomo wetu. Tukirudi machungani, Mayu anauliza kutoka ndani, "Nani huyo?" na wewe unajibu, "Ni sisi, Mayu." Mimi niko nyuma yako nimeshika fimbo, nangoja nyumba ifunguliwe. Sikuwahi kulijibu swali lile hata mara moja.

Na pale kwenye paa. Ukumbi wa shule umejaa watoto, paa linapasuka, linashuka. Shija ananyoosha mikono, inatetemeka, damu inamtoka puani. Wewe unapiga kelele, "Shika, mdogo wangu!" Na wale wanaume wote, waliotoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, jioni ile na udongo bado masikioni, wanaitikia, "Shika!" Paa linasimama. Kila mtu mle ndani alijua kwa nini anaipenda sehemu ile, ila hakuna aliyelitamka.

Tulibishana mno juu ya mwisho wake. Pale Shija anaposimama chini ya ukuta wa bwawa, nyufa zinatambaa, ananyoosha mikono, na papo hapo tunaletewa harusi ya mdogo wake Mama Neema, iliyorekodiwa juu yake! Keki, mashangazi, mbuzi amefungwa utepe. Mama Neema kila akilaumiwa husema harusi ni mara moja, sinema zipo nyingi. Mimi nilishikilia kwamba Shija ataushika ukuta ule. Wewe ukasema atachoka. "Mikono ni mikono, Doto," ulisema. Atachoka, nguvu zitamwisha, aende akaoe, alime kama watu. Nilikuita mzee.

Duara lilipoporomoka nilikuwa juu, kwenye kamba. Ilikuwa zamu yangu ya kamba na zamu yako ya chini, hatukubadilishana, hakuna aliyelewa, matimba ya kuzuia kuta yalikuwa mapya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na udongo ukashiba maji, basi. Wazee walikaa wakasema hivyo, mwenye duara alisema hivyo, na hata mimi najua ni hivyo. Lakini kamba ilikuwa mikononi mwangu, Kulwa. Nilisikia uzito wako, halafu nikasikia kamba imekuwa nyepesi. Nilivuta. Nilivuta kamba tupu mpaka ikaisha, na nilipoona ncha yake bado niliendelea kuvuta. Hata nikiambiwa sina kosa, mikono hii inajua ilishika nini.

Ndiyo maana nilipotoroka msiba nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Neema. Nilimwomba aweke pale kwenye paa. Likashuka, mikono ikainuka, likasimama. Nikamwomba arudishe nyuma. Kila siku nilikuwa naingia, na kila siku paa lile halianguki. Maskini yule mama, hakuniuliza kitu, alirudisha kanda mpaka sasa pale kwenye paa pana mistari myeupe. Na mimi nilifurahi. Sikwenda pale kujificha nikulilie kimyakimya, usifikiri hivyo. Nilikuwa nafurahi. Mayu yuko kwenye mkeka, wewe uko ardhini, na mimi nimekaa kwenye gogo nafurahia mtoto wa Kizungu.

Watu wapya wameingia, vijana wa Bukombe ambao hawakukujua. Nao pale kwenye paa wanapiga kelele, "Shika, mdogo wangu!" Wanadhani ni maneno ya kwenye kanda. Mara ya kwanza kuwasikia nilitoka nje nikashika ukuta.

Sasa sikia la jana. Wale vijana waliniona nikiingia, mmoja akasema, "Wewe si ndiye Kulwa? Tumeambiwa unaisimulia hii vizuri sana. Hebu tupe." Mama Neema akageuka akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ni neno dogo, hata mimi nisiyejua kusema ninalo. Badala yake niliinuka, nikasimama pale ulipokuwa unasimama, kando ya kreti, na nikaanza.

Yote yalikuja, Kulwa. Mwenyekiti wa pamba, mama mgombezi, mizaha yako yote, hata ule mkohozo wako kabla ya jambo la kuchekesha. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye gogo. Waliniita Kulwa nami nikaitika. Na kwa muda ule hukuwa umekufa. Aliyekuwa hayupo ni mimi, na kwa kweli sikumtafuta. Paa likashuka, nikainua mikono, nikapaza sauti yako, "Shika, mdogo wangu!" Kibanda kikaitikia. Nikageuka nikicheka, na mlangoni amesimama Mjomba, kofia mkononi, vumbi la njia nzima limemjaa kwenye nyusi.

Aliniona na nywele zangu. Aliniona nacheka, naitikia jina lako. Alikaa kwenye gogo akangoja hadi kwenye harusi, kwa adabu zote, kama mtu aliyealikwa. Nje nikamwamkia, "Shikamoo Mjomba." Akaitika, "Marahaba, Doto." Alilitamka Doto polepole, na nilijua amekusudia.

Halafu akanieleza. Mayu hajanyolewa. Kesho yake baada ya mimi kutoroka, wanawake walimletea maji na wembe, akaweka mkono kichwani akakataa. Akasema, "Hawa walikuja pamoja. Siwezi kumnyolea mmoja wakati mwenzake yuko porini na nywele za msiba." Walimbembeleza, wazee wakaitwa, wapi. Moto bado unawaka uani, Kulwa, hadi leo. Ndugu waliochoka wamerudi makwao, wengine wamebaki kwa haya tu. Pamba yake imepasuka shambani na yeye hashuki kuichuma, kwa sababu aliye msibani halimi wala havuni. Nimemfungia mama msibani kama mtu anavyofungia kuku bandani, nikaenda zangu kutazama video.

Na alimtuma Mjomba neno. Anamjua Shija, unajua mwenyewe ulivyokuwa unamsimulia kila ukienda likizo, na yeye anauliza kama mtoto yule amekula. Amesema hivi: "Mwambie Doto, Shija mimi sikumzaa. Shija ni wa kwenye video. Mimi nilizaa wawili. Mmoja nimemzika na mmoja ananikimbia. Sasa mimi nibaki na nani?" Mjomba aliposema hivyo aliangalia pembeni ili nilie vizuri.

Nilimwambia kuhusu uso. Nilimwambia nilivyoona Mayu anavyoumia akinitazama. Mjomba akavaa kofia yake. Akasema, "Mtoto mjinga wewe. Anautaka huo uso. Ndio uliobaki." Basi. Nilidhani namwepusha mama na maumivu, kumbe nilikuwa najiepusha mimi. Nimemnyima kitu pekee ambacho angeweza bado kukishika kwa mikono yake. Nisamehe, Kulwa. Yeye nitamwomba mwenyewe, lakini wewe nisamehe kwanza, kama ulivyozoea kutangulia.

Asubuhi hii nimekwenda kibandani. Nimewakuta wale vijana wanakunywa chai, nikawaambia mimi naitwa Doto, na Kulwa alikuwa pacha wangu, na yale maneno wanayoyapigia kelele hayamo kwenye kanda, ni ya kwake. Kisha mmoja wao akavua kofia, akaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nikakaa nikawaeleza kwa sauti yangu hii mbaya, bila mizaha. Walisikiliza mpaka chai ikapoa.

Mama Neema anasema shemeji yake atamletea kanda nyingine, nzima, isiyo na harusi. Nakuahidi hivi: sitautazama mwisho wa Shija hadi nywele zangu zinyolewe na ziote tena. Hapo nitautazama mara moja, halafu nitakuja kaburini kukwambia nani alikuwa sahihi. Kama ni wewe, nitakiri. Kama ni mimi utanisikia, na safari hii huwezi kunikata kauli. Lakini siku hizi nadhani ulikuwa sahihi. Alichoka. Na sasa sioni tena kwamba alishindwa.

Na nakuahidi jina lako sitaliitikia tena. Nitalitaja kila siku, ila kuitika siitiki.

Lori limepiga honi. Mjomba amekwishaamka, anatafuta kiatu chini ya kitanda chako na kulalamika. Lala vizuri, ndugu yangu. Udongo wa nyumbani ni mkavu, hauna haja ya kushikwa.

Tutafika Didia jioni, ng'ombe wakirudi. Nitavuka uani, nipite moto ule, nisimame mlangoni mbele, pale penye nafasi yako. Mayu ataniuliza kutoka ndani, "Nani huyo?"

Nitamjibu, Kulwa. "Ni mimi, Mayu. Ni Doto."