Mstari mweusi kwenye kopi

Gladys, mama amenisimulia sasa hivi kitu cha 1993.

Alikuwa taipisti Embu mjini. Kwa mashine ya ofisi alitoa kopi za gazeti lililopigwa marufuku, kisiri, bosi wake Nthiga asijue.

Polisi wawili waliovaa kiraia wakaingia na kopi moja. Ilikuwa na mstari mweusi pembeni. "Toa kopi ya karatasi tupu," wakamwambia mama.

Mashine ikatoa mstari uleule. Uleule, Gladys.

"Nani hutumia hii mashine?"



Nthiga akasimama. "Ni mimi."

Wakaenda naye. Wiki tatu.

Aliporudi akichechemea, alimwambia mama, "Usiniambie ulitoa ngapi. Wanaweza kuniuliza tena."