Sindano Haendi Angani

Nyumbani, Mtaa wa Mafundi
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zetu, za hapa nyumbani na za wote wanaokuulizia. Mgongo wako umepoa, au bado unaamka kabla yako? Wifi hajambo? Watoto nao? Sisi wazima kwa neema ya Mungu, ila goti langu, na hilo nimelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza mawili: kama ni kweli Sindano anarushwa angani, na kama ni kweli uchumba wake umevunjika. La kwanza ni uongo. La pili lilikuwa mlangoni linabisha hodi. Nimeona nikuandikie, maana simu hukatika nikifika penyewe, ukabaki na nusu ya habari. Na nusu ya habari ndiyo iliyotuponza.

Kazi yenyewe ni hii. Upande wa pili wa mji kuna karakana inayotengeneza setilaiti, ile mitambo inayozunguka huko juu na kutuletea picha za mawingu. Walikuwa wanatafuta fundi wa kushona. Mimi nikadhani ni mapazia ya ofisi. Kumbe mtambo nao huvishwa kabla ya kurushwa. Huvishwa blanketi la matabaka membamba yanayong'aa, na blanketi hilo hukatwa na kushonwa na watu, mshono kwa mshono. Sindano wako, uliyempa jina hilo kwa wembamba wake, aliyejifunzia kwenye cherehani yangu ya miguu kwa kushona sare za shule, ndiye wamemchukua. Anakaa chumba cheupe, kafunikwa nywele na mdomo, na jioni anarudi kula na sisi.

Shemeji yako unamjua. Baada ya ibada alisimama kwenye matangazo, akamshukuru Mungu kwamba binti yake amepata kazi ya anga za juu. Akaketi. Hakutaja kushona, hakutaja karakana. Aliyoyaacha watu wakayamalizia njiani, na hata jua halijazama mwanangu alikuwa ameshavaa kofia ya kioo.

Basi tukapata wageni. Mmoja akauliza kama huko ataruhusiwa kusali, na atapigaje magoti. Mwingine akaleta soksi nene kwa ajili ya baridi. Babu Redio, mzee wa nyumba ya pili anayeamini lolote mradi limetoka redioni, akatueleza kwamba ukishapita mawingu uvutano wa dunia unakoma kama lami inavyokoma nje ya mji, na kuanzia hapo mtu huelea tu asirudi. Nikammiminia chai. Ningembishia nini, nami nilikuwa najua hivyohivyo?

Nikamwuliza Sindano tukiwa wawili jikoni. Akacheka kwanza. "Mama, wale hawaelei. Wanaanguka." Akaniambia uvutano uko hukohuko juu, haujakatika, ndio unaoushika hata mwezi usitoroke. Ila watu wale na chombo chao wanaanguka pamoja, na kwa mbio wanazokwenda, dunia inajipinda chini yao kabla hawajaifikia, basi wanaendelea kuizunguka. Nikasema sifa zote ni za Mungu, na nikamwomba hilo la kuanguka asimwambie baba yake, maana atalitangaza.

Kicheko kiliisha habari ilipofika kwa wakwe. Mchumba wake, yule fundi bomba, anaijua kazi vizuri, kamsindikiza mpaka getini. Lakini ana mzazi mmoja tu, mama yake, mshona magodoro wa karibu na stendi. Mama huyo akatuma wazee wawili kutuambia kwa upole kwamba mambo yapumzike kwanza. Wewe unajua, kaka, mambo ya posa yakipumzika huwa hayaamki.

Kijana akawa anakuja, anakaa kwenye benchi letu la nje. Mama yake alikuwa hamsikilizi. Sindano naye akawa anasukuma chakula pembeni ya sahani. Siku moja akaniambia, "Nitaacha kazi, mama. Kazi zipo." Alisema kwa utulivu, na ule utulivu ndio ulionitisha. Niliingia ndani nikaomba, na nilipotoka nikamwambia asiandike barua yoyote ya kuacha mpaka yule mama aje mwenyewe akae kwenye kiti changu.

Alikuja jana, kaletwa na mwanawe. Ni mwanamke mpana, mikono imekomaa kwa sindano kubwa za magunia. Chai alikataa. Sindano akamletea kipande cha blanketi alichofanyia mazoezi, ambacho msimamizi wake alimruhusu kukichukua. Kinang'aa kama dhahabu, chepesi kama ganda la kitunguu. Yule mama akakipima mkononi, akauliza pamba iko wapi, na kama huko ni baridi kali hivyo, hiki kitafunika nini?

Sindano akachukua chupa yetu ya chai, akaiweka mezani. Akamwambia kwamba chupa hii haina pamba wala blanketi. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje pametolewa hewa, ndiyo maana chai ya asubuhi bado ni ya moto. Huko juu nako hakuna hewa ya kubeba joto. Upande unaopigwa na jua unaungua na upande wa kivuli unaganda, mtambo uleule mmoja, basi blanketi linazuia yote mawili. Mama akaiangalia ile chupa. Akasema, haya, basi nimiminie.

Akanywa. Ndipo akasema lililomleta, na hakumtazama mtu. Alisema baba wa kijana huyu alikwenda kazi ya mbali kwa muda mfupi, akafia huko, wakamzika huko, na yeye kaburi hajaliona mpaka leo. "Sina ugomvi na anga, mwanangu. Nina ugomvi na kwenda." Akasema hataki mwanawe naye azeeke akitazama njia.

Sindano akapiga magoti mbele yake. "Mama, kinachokwenda ni blanketi. Mimi narudi kila jioni."

Kijana wake akasema, "Nilikwambia." Akaambiwa anyamaze.

Kisha yule mama akafanya kile tunachofanya sisi sote tunaoshona, ambacho wenzetu huwa hawafanyi. Akakigeuza kile kipande upande wa ndani. Akaupitisha mshono kidoleni taratibu, mwanzo hadi mwisho, akaenda nao dirishani. Akauliza nani atauona huku ndani. Sindano akasema hakuna, kikishapanda hakishuki. "Sasa mbona umeunyoosha hivi?" Akajibu kwamba mshono ukilegea, joto hupita hapo.

Mama akakikunja kile kipande vizuri kwa mikunjo yake ya mwanzo. Akasema, "Godoro lenu nitalishona mimi. Na nitatia pamba." Halafu akamgeukia mwanawe akamwambia awarudie wale wazee wawili, awaambie mambo yameshapumzika ya kutosha.

Kwa hiyo, kaka, omba likizo ya Desemba. Wewe ndiye mjomba, na bila mjomba hatutoi binti. Huko kazini kwako wasahihishe: mpwa wako ni fundi wa kushona, na kutoka hapa mpaka kazini ni basi moja. Zile soksi nene nimezitunza. Zitakufaa wewe huko kwenye baridi ya kweli.

Shangazi wa kibanda cha sabuni anakusalimu, na Babu Redio, na fundi bomba aliyekwishaanza kukuita mjomba kabla ya ruhusa. Mbusu wifi na watoto wote, hasa kitinda mimba ambaye sijamshika bado. Mungu aliyezitandika mbingu bila mshono kuonekana akutunze huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako anayekupenda na kukutazamia njia,

Mama Sindano

Tena: Leo kwenye matangazo shemeji yako alisimama tena. Nilimshika shati asiketi, mpaka akaimaliza sentensi kwa kutaja kushona.