Mjomba Asoma Malalamiko kwa Sauti

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu ulioteguka ngazini sasa unakanyaga bila shida. Shemeji hajambo? Bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na mwanao ameshaota meno? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja.

Uliniuliza Kamishna wetu wa haki za binadamu na ubaguzi anafanya nini hasa hapa mkoani, ikiwa kukamata ni kazi ya polisi na kufunga ni kazi ya hakimu. Nilitaka kukujibu kwa mzaha. Sasa nakujibu kwa habari ya baba yako, yaani Mjomba wangu, kabla hujaipata kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Mwezi uliopita alikuja ofisini dada mmoja anayeuza kwenye kaunta katika duka la mikate la Mjomba. Ana mabaka meupe ya ngozi mikononi, hayaumi wala hayaambukizi. Wateja wawili walinung'unika, Mjomba akampa glavu avae yeye peke yake, kisha akamhamishia nyuma kuosha trei. Mimi ndiye ninayepokea watu, kwa hiyo niliandika maelezo yake kwa mkono, neno kwa neno. Kabla ya kutia sahihi aliniuliza nitamwambia nani. Nikamjibu, Kamishna tu.

Alipoondoka nilikwenda kwa Kamishna, mama mmoja mtulivu sana, nikamweleza kwamba anayelalamikiwa ni mjomba wangu. Hakushtuka. Akavua miwani. "Basi faili hili hulishiki tena. Na kwake nenda kama mpwa tu, mambo ya ofisi yaache ofisini." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Jumapili nilikula kwa Mjomba kama kawaida. Alinitania kwamba nimekonda kwa kubeba shida za mkoa mzima, akaniongezea nyama. Barua ya kumwita ilikuwa itumwe kesho yake. Nilikula nikiitazama sahani.

Kamishna hana pingu wala rungu, Dada. Huita watu, husikiliza, hupendekeza, na mkaidi huandikwa katika ripoti ya mwaka. Ila ana desturi moja: anayelalamikiwa ndiye anayesoma malalamiko kwa sauti, yote, kama yalivyoandikwa. Siku Mjomba alipoitwa nilikuwa chumba cha pili, na ukuta wetu ni wa mbao nyembamba.

Mjomba alianza kwa mbwembwe, kama anayetangaza mikate. "Mimi nimeuza kwenye kaunta miaka sita." Akaendelea. "Siku hiyo nilipewa glavu mimi peke yangu. Wenzangu waliendelea kupanga mikate. Nilijiona kama kitu kilichooza." Hapo akakwama.

"Endelea, mzee," Kamishna akasema.

"Naendelea, mama. Lakini huu mwandiko naujua. Ndio ulioandika bei zote dukani kwangu."

"Aliyeandika hayumo katika shauri hili. Soma tu."

Akasoma mpaka mwisho, kwa sauti ya chini kabisa. Alipotoka alinikuta kwenye korido.

"Jumapili ulikula kwangu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Akavaa kofia, akashuka ngazi.

Alipewa siku kumi na nne: amrudishe yule dada kaunta, glavu wavae wote au asivae mtu, na aombe radhi mbele ya wafanyakazi. Mama alikasirika. "Mkoa mzima huu, Kamishna wenu hakumwona mwingine ila kaka yangu?" Nikamwambia Kamishna hachagui, huletewa. Akasema basi na mimi nisubiri kuletewa chakula.

Siku ya kumi na mbili yule dada alikuja kufunga faili. Mwenzangu ndiye aliyemhudumia, ila alichungulia mlangoni kwangu. Baba yako ameomba radhi mbele ya waokaji wote, mikono ikiwa imejaa unga. Aliniambia: "Kisha akaniuliza nataka kusimama wapi. Nikamwambia kaunta." Kati ya wale wateja wawili mmoja amehamia duka jingine. Mwingine bado ananunua.

Mimi Mjomba hanisemeshi. Nimewaza sana, Dada. Kutomwambia ulikuwa wajibu, maana nilikuwa nimeahidi. Lakini hakuna aliyenilazimisha kwenda kula. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kupendwa kwa saa mbili zaidi kabla hajajua. Hilo ndilo lililomuuma. Kwa hiyo ukitaka kunilaumu, nilaumu kwa ile Jumapili. Kwa faili, usinilaumu.

Nisalimie Shemeji, na umbusu mtoto kwenye shavu lile lenye kishimo. Mama anakusalimu sana, na amesema ule vizuri. Mungu awalinde, mlale na mwamke salama.

Mdogo wako anayekupenda hata ukimkasirikia,
Kifaranga