Kidude Kwenye Usukani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, mguu umeunyoosha juu ya kile kistuli cha wifi, na miwani iko puani, si juu ya kichwa huku ukiitafuta nyumba nzima. Goti linasemaje? Wifi aliniambia kwamba daktari amekuruhusu kuendesha baiskeli polepole, tena amekuhimiza, na wewe ukamjibu kwamba utafikiria. Miaka sita ya kufikiria, kaka! Mama naye hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia nimeipenda mno, ila mikono yake ni ya mtu mrefu kuliko mimi. Mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na sijambo kwa kweli, neno ambalo zamani kidogo nisingeliandika bila kusitasita.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ni kwamba nikikupigia utaniuliza maswali, na ukiniuliza maswali kwa ile sauti yako ya darasani, mimi hujibu lile unalotaka kulisikia. Karatasi haiulizi. Nakuomba basi usome mpaka mwisho kabla ya kushika simu, hata ukifika mahali damu ikakuchemka.

Kwanza, ujumbe wako wa majuzi nimeupata na nimeusoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Umesema tangu ulipoanza kunifundisha hujawahi kuona namba nzuri kama za miezi hii miwili na nusu. Zile picha ninazokutumia kila jioni, za kile kidude ulichonipa cha kuhesabu kilomita, umesema zinaonyesha mtu aliyekomaa: kasi ndogo lakini haiyumbi, umbali wa kutosha kila siku, na Jumapili mapumziko kamili bila kuambiwa na mtu. Umesema mapafu yangu sasa yametulia. Ulilalamika mambo mawili tu. La kwanza, ukilinganisha muda wa safari na muda wa mwendo, unaona nasimamasimama sana njiani kana kwamba nina jamaa kila kona. La pili, wiki tatu za mwisho namba zimelegea, ukaniuliza kama nimeanza kudeka. Halafu ukamalizia kwa kunieleza kwamba umeniandikisha kwenye mbio za kilomita mia moja na ishirini za mwezi ujao, na kwamba umeomba likizo shuleni uje usimame mwenyewe pale mwisho wa mbio. Wewe, ambaye tangu uanguke kwenye kona ile hujakanyaga mashindano yoyote. Wifi anasema begi umeshalitoa kabatini, ingawa siku bado ni nyingi.

Kuhusu hilo nitarudi. Nianze na hali niliyokuwa nayo mwishoni mwa mwezi wa pili, maana sijawahi kukusimulia.

Ratiba yetu unaijua, uliipanga wewe. Kuamka saa kumi na nusu alfajiri, muda wa saa mbili na nusu barabarani, kuoga, kisha kukimbilia kwa dobi kusimama mbele ya pasi mpaka jioni. Kupima chakula kwenye mizani. Kulala na kuku. Mwanzoni niliipenda, na wewe ni shahidi, maana nilikuwa narudi na matope mpaka kwenye meno, nacheka peke yangu. Lakini mwaka jana kicheko kilikwisha na sikujua kimekwisha lini. Nikawa natazama namba kabla ya kutazama kama kumekucha. Namba ikiwa nzuri napumua tu, sifurahi. Ikiwa mbaya siongei na mtu mpaka mchana. Wenzangu pale kazini walishanijua. Kabla hawajaniomba hata kibanio cha nguo, wanaulizana kwanza leo namba imetokaje.

Basi asubuhi moja niliketi ukingoni mwa kitanda nimevaa kiatu kimoja cha baiskeli. Kingine nilikuwa nimekishika mkononi. Nikakaa hivyo mpaka mwanga ukaingia dirishani. Sikuwa naumwa, wala sikuwa na huzuni ya kusema nalia. Nilikuwa sioni tu sababu ya kuvaa kiatu cha pili. Nikavua cha kwanza, nikalala. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu niliisukuma ile baiskeli nyekundu nyuma ya kabati, nikaifunika shuka, na kwa kuwa usukani ulitokeza, nikaanza kuutundikia nguo. Baiskeli yako, kaka, uliyonikabidhi ukiwa bado kitandani hospitalini. Nilikuwa naitundikia soksi.

Nilikwenda kwa daktari. Alinipima akaniambia sina ugonjwa, nimejichosha tu kupita kiasi, tena kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe nilijiona kama pasi iliyosahauliwa kwenye umeme ikaungua waya wa ndani: ukiitazama nje ni nzima, ukiigusa ni ya baridi. Akaniambia nipumzike mpaka nitamani mwenyewe. Nikamuuliza, nisipotamani je? Akasema basi nitafute kitu kingine cha kupenda. Nililia njia nzima nikirudi, maana kitu kingine sina.

Usianze kupiga hesabu za tarehe, kaka. Najua umeshaanza. Nitafika huko.

Sasa nikujulishe kwa Mzee Taratibu. Huyu ni mpelekaji wa nguo pale kwetu, mtu wa miaka hamsini na kitu, ana tumbo dogo la heshima na kofia isiyotoka kichwani. Kila siku isipokuwa Jumapili anapakia nguo zilizopigwa pasi kwenye baiskeli ya duka, ile nzito nyeusi yenye kikapu mbele na keria nyuma, anazipeleka nyumba kwa nyumba na kurudi na chafu. Jina alipewa na wateja kwa sababu hajawahi kuonekana ana haraka, na hakuna siku aliyochelewa. Mwezi huu alifanyiwa upasuaji wa jicho, mtoto wa jicho, na daktari akamkataza baiskeli kwa wiki tatu. Mama mwenye duka akatukusanya mbele ya meza ya kukunjia, akauliza nani anajua kuendesha baiskeli. Wote walinigeukia mimi.

Nilikataa. Nikasema mgongo unaniuma. Mama mwenye duka akasema hajapata kumwona mtu mwenye vikombe vitatu vya mbio anayeogopa kupeleka mashuka, na kama mgongo unauma basi nikae nyumbani na mgongo wangu. Nikaenda, midomo nimeivuta mpaka huku. Mzee Taratibu, jicho limefungwa bandeji, alinielekeza njia kwa namna yake. Hakunipa namba za nyumba. Aliniambia pale kwenye geti la kijani nigonge kwa nguvu kwa sababu fundi saa wa pale hasikii vizuri, na mashati yake yakunjwe, yasitundikwe. Kwa yule mwalimu mstaafu wa kike nisiondoke kabla hajanieleza jambo moja, kwa maana siku nzima hana mwingine wa kumweleza. Kwenye kilima cha tangi la maji nisijitie ushujaa, nishuke nisukume, na juu kuna ukuta mfupi wa kukalia. Na kwenye mteremko wa upande wa pili, akasema, niinue miguu yote miwili kwenye pedali. Nikamuuliza kwa nini. Alinitazama kwa jicho lake moja kama vile nimemuuliza kwa nini watu hunywa maji.

Siku ya kwanza nilichukia kila hatua. Baiskeli ile ni nzito kama kabati lenye magurudumu, na mimi sikuwa nimepanda miezi miwili na zaidi. Kwenye kilima nilikusudia nisishuke, nikamaliza pumzi nusu ya njia, nikasukuma kama nilivyoambiwa. Nikakaa kwenye ule ukuta nikinywa maji, najionea aibu. Halafu nikapanda, mteremko ukaanza, na sijui nini kiliniingia, nikainua miguu. Kaka, nilipiga kelele! Mashuka yanapepea nyuma, upepo umeingia mpaka kwenye masikio, na mimi mtu mzima miguu hewani, napiga kelele kama tulivyokuwa tukifanya ulipokuwa unanipakia kwenye keria na mama anatukemea kutoka dirishani. Nilifika chini nikasimama kando ya barabara. Nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Siku zilizofuata nilianza kuamka kabla ya saa ya kengele. Fundi saa ananisubiri getini. Mwalimu mstaafu amenisimulia habari za paka wake, za jirani yake, na za mchumba mmoja wa zamani, kila siku jambo moja. Na juzi Jumapili, bila kutumwa na mtu, nilizitoa zile soksi kwenye usukani, nikavuta shuka, nikajaza upepo matairi ya nyekundu yako. Nikaenda mpaka nilipochoka, nikarudi. Ukiniuliza ni kilomita ngapi, sijui.

Sijui kwa sababu kidude hakikuwepo pale. Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika, kaka, na nimefika.

Kidude chako kilikuwa kwenye usukani wa baiskeli ya dobi. Nilikifunga pale kwa mikono yangu mwezi wa tatu. Nilimdanganya Mzee Taratibu kwamba ni kifaa cha kuzuia wizi ninachokijaribu, akakiamini kiasi kwamba akisimama mlangoni kwa watu alikuwa anakiaga kwanza, anakiambia kiangalie mali. Kila jioni aliporudi, nilichungulia namba, nikapiga picha, nikakutumia. Ningeweza kukuandikia namba za kubuni, lakini wewe na namba nakujua, ungenishika ndani ya wiki. Nilihitaji namba za mtu aliyeendesha kweli. Kwa hiyo yale mapafu yaliyotulia si yangu. Aliyekomaa si mimi, na anayepumzika Jumapili bila kuambiwa anapumzika kwa sababu duka hufungwa. Anasimamasimama kwa sababu anagonga milango. Zile wiki tatu zilizolegea, ulizoniuliza kama nimeanza kudeka, ndizo zangu.

Nisamehe, kaka yangu. Sikuogopa kwamba utanigombeza. Nilikumbuka maneno ya wifi, kwamba mwaka ule wa kuanguka kwako ulikuwa unakaa umegeukia ukuta, na kwamba kilichokugeuza ni mimi kuanza kukuletea namba. Alisema jioni unaisubiri picha yangu huku chai inapoa. Nikawaza, siku picha isipofika utageukia ukuta tena, na mimi ndiye nitakuwa nimekugeuza. Nimeendesha miaka sita kwa kukupenda, lakini nadhani katikati nilianza kuendesha kwa kuuhofia ule ukuta wako, na hicho ndicho kilichoniunguza.

Mzee Taratibu nimemweleza yote, na kumwomba radhi. Alicheka mpaka nikamwonya asiharibu jicho. Kisha akaniomba nimtajie tena jumla yake. Nikamtajia: kilomita elfu moja mia nne na kitu, katika wiki nane. Alirudia mara mbili kwa sauti ndogo. Anasema miaka ishirini na mbili amepeleka nguo na hakuna mtu aliyewahi kumsifu mapafu, kwa hiyo anakusalimu sana mwalimu wake ambaye hakujua kuwa anaye. Naye anauliza kama mbio zile zinakubali baiskeli yenye kikapu. Nimeuliza, zinakubali. Mama mwenye duka ametupa ruhusa ya siku hiyo sote wawili.

Kwa hiyo nitakwenda, lakini usitegemee kikombe. Sina mazoezi ya kushindana na mtu. Nitaendesha nifike, na kwenye vilima vikali nitasukuma. Likizo yako usiifute, tafadhali. Njoo usimame pale mwisho, hata kama umekasirika. Njoo ukasirike pale.

Humu ndani ya kifurushi, chini ya barua, utakuta kitambaa kimefungwa. Ndani yake ni kidude. Nimekirudisha sifuri. Ile baiskeli yako ya zamani iliyoning'inia stoo, wifi ameshaipangusa vumbi na cheni ameitia mafuta, nilimwomba mimi, usimgombeze. Kifunge hapo.

Msalimie mama, mwambie mikono ya sweta nimeikunja na inapendeza. Msalimie wifi kwa subira yake. Nami kuanzia wiki ijayo, kila jioni nikitoka kazini, nitaketi na chai yangu kusubiri picha. Hata mita mia zinatosha, kaka. Na ukisimamasimama njiani, sitalalamika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Sisimizi