Bendi Iliyonichukulia Mwende

Riruta, Nairobi

Mpenzi Mama Mwende,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha baridi hii ya Julai, nacho nakitibu kwa tangawizi kama ulivyoniagiza. Wewe je, goti limepoa? Mama aliniambia kwenye simu kwamba mbaazi zimebeba vizuri, nikafurahi, ingawa namjua, mabaya hunificha.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Nyumba yetu unaijua, nikikupigia Mwende anasikia kila kitu, na habari hii inamhusu yeye. Ndiyo maana barua hii nitampa jirani yetu Mama Kasyoka, maana anakuja harusi huko nyumbani.

Nisizunguke mbuyu. Nina wivu, Mama Mwende, na ninayemwonea wivu ni kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye suruali iliyoraruka magotini.

Kuna bendi inaitwa Kutu. Ni vijana wanne wa Dagoretti wanaopiga roki, yale magitaa yanayokwaruza. Mwimbaji wao anaitwa Brayo. Tangu Mwende aanze chuo hana habari nyingine. Ana fulana yao nyeusi ambayo haianiki juani isije ikapauka, na Jumapili huivaa kanisani ndani ya sweta akidhani sijaiona. Zamani Jumamosi jioni tulikuwa tunaketi pamoja, yeye akifanya mazoezi ya wimbo wa kesho, mimi nikimpigia mapigo mezani. Siku hizi Jumamosi ni ya Kutu. Nilimuuliza hao watoto wana nini, akaniambia siwezi kuelewa. Roho iliniuma, lakini nikajikaza.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilikuwa kibandani kwangu kule Luthuli, nimefungua amplifaya ya watu, akaingia Brayo mwenyewe. Fundi wao wa sauti alikuwa amesafiri, nao walikuwa na shoo Jumamosi kwenye bustani moja huko Karen. Nilikubali haraka. Nilitaka nione kwa macho yangu kilichomchukua mtoto wangu, na sikufichi, niliomba nikute hakuna kitu.

Mashabiki walianza kuja mapema. Wa Parklands walishushwa na magari ya wazazi wao, wa Kawangware walikuja kwa miguu na vumbi hadi magotini, wote wamevaa nyeusi utadhani ni matanga. Kabla ya shoo Brayo aliniomba jambo ambalo sijawahi kuombwa na mtu. Alitaka nisimamishe maiki mbili zikiwatazama mashabiki, na sauti yao itokee kwenye spika pamoja na bendi. Mimi nimefunga vyombo kanisani kwetu, kwenye mikutano ya injili, harusi na mazishi, na popote pale maiki hupewa anayesema, siyo wanaosikiliza. Nilimwambia zikijisikia kwenye spika zitapiga mluzi tu. Akacheka kidogo.

"Mzee, hao ndio bendi," akasema. "Sisi tunawapigia tu."

Walipoanza nilifurahi kuliko mashabiki. Gitaa lilikuwa la kawaida. Mpiga ngoma alikimbia kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Sauti ya Brayo ni ya kuuzia mitumba. Nikajiambia, kumbe ni haya tu, mtoto wangu atachoka nao.

Kisha wakaja na wimbo wa mtoto aliyeketi na wazazi wake wakati wa chakula. Baba anazungumza habari za majirani, mama anazungumza habari za karo, na yeye hakuna anayemuuliza neno. Brayo aliimba mstari wa kwanza, akanyamaza, akarudi nyuma. Nikapandisha zile maiki mbili. Watoto wale wakajisikia wenyewe kwenye spika. Msichana mmoja karibu na meza yangu alishtuka akaziba mdomo, kisha akauachilia na kuimba kwa nguvu zaidi, machozi yakimtoka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wiki nzima watoto hawa huambiwa wanyamaze, darasani, nyumbani, hata kanisani. Halafu anatokea mtu mmoja, anawapa maiki na kusogea kando. Basi, ujanja wa Brayo ni huo tu, na ukishauona huwezi kuudharau. Donge likanipanda maradufu, kwa sababu mimi nina maiki nyingi kumshinda yeye, zimejaa chini ya kitanda, na wazo hilo halikunijia hata siku moja. Mwende nilimwona kule mbele kabisa, amefumba macho, kinywa wazi, na sikuweza kuitambua sauti yake kati ya sauti za wenzake.

Tuliporudi nyumbani mdomo uliniponza. Nilimwambia kwamba anamwimbia Brayo vizuri kuliko anavyomwimbia Mungu. Akaweka sufuria chini taratibu.

"Baba, kanisani wewe hunishusha sauti," akasema. "Kila Jumapili. Unadhani sisikii?"

Ni kweli, na wewe unajua sababu. Mtoto wa fundi akishika maiki, kanisa zima hutazama vidole vya fundi. Binti ya Mama Kasyoka nikimpandisha hakuna neno, lakini wangu nikimpandisha watasema najipigia debe. Kwa hiyo wangu nilikuwa namshusha kidogo, watu wasiseme. Hata marehemu baba, siku ya kuchinja, alitupa sisi watoto wake nyama mwisho kabisa, na tuliona ni heshima. Nilidhani Mwende naye anaona hivyo. Kumbe miaka yote hii alidhani naionea aibu sauti yake.

Kesho yake, Jumapili, aliposimama kuimba, nilimpandisha mpaka pale ninapowaweka wengine, kisha nikapita hapo. Mzee wa kanisa aligeuka akanitazama, nami nikatazama mabati. Mama Mwende, ile noti ya juu uliyokuwa ukiikwepa tulipokuwa kwenye kwaya ya vijana pale Mwingi, huyu aliifikia na akakaa juu yake kwa raha zake. Watu waliacha simu zao. Mimi nilijifanya nakohoa.

Sasa lililonifanya niandike. Brayo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua waya zake nilizobeba pamoja na zangu kwa bahati mbaya, akasikiliza wimbo hadi mwisho. Ibada ilipokwisha akanijia pale mezani.

"Mzee, huyo ni nani?"

"Ni wangu," nikamjibu, na kifua kilinijaa.

"Tunamtaka kwa bendi. Lakini nimeona nikuulize wewe kwanza."

Hajui kwamba msichana huyo amekuwa akisimama mbele yake kila Jumamosi. Na angalau angekuwa na kiburi, ningemfukuza nikalala vizuri. Lakini aliniuliza kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa, na nikabaki kumwambia nitafikiria.

Leo ni Alhamisi na sijamwambia Mwende. Najidanganya kwamba ni kwa sababu ya masomo. Si masomo. Najua atasema ndiyo kabla sijamaliza sentensi, na Jumamosi zitakuwa zao kabisa, tena na baadhi ya Jumapili. Nilikaa niandike nikuulize niseme au nifunge mdomo. Lakini nimefika hapa nimeshajua jibu lako, na nimeshajua utanigombeza kwa siku hizi nilizonyamaza.

Msalimie mama, umwambie asikubali kubeba maji mwenyewe. Msalimie shemeji yangu fundi cherehani, koti alilonishonea ndilo linaloniokoa huku. Ndugu yangu anayechunga mbuzi mwambie nimeuona ujumbe wake na sijakasirika. Akina mama wa chama chako wote nawasabahi.

Mwende yuko jikoni sasa hivi, anakaanga sukuma wiki huku akiimba. Nimezima redio. Tukishakula nitamwambia. Naomba tu nimsikilize hivi kidogo, kabla sijaanza kumsikiliza pamoja na watu wengine.

Ni mimi wako,
Baba Mwende