Daftari la Deraya na Mapanga

Kaka yangu mpendwa,

Sina anwani yako, kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Atakayeisoma, kama anakujua, akufikishie. Daftari lako ninalo. Lina madoa ya chai ya shangazi, lakini linasomeka.

Unakikumbuka kibanda cha gemu pale Kibiti, tulipokuwa tukikaa kwa shangazi? Miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kumiminika, mwenye kibanda alileta televisheni, jenereta na kaseti moja tu: shujaa unayemvika mwenyewe na kumpeleka kupambana na joka. Gemu lenyewe jepesi, hata mimi mzito wa kuelewa nililicheza siku ya kwanza. Taabu ilikuwa kuchagua. Mapanga kibao, deraya kibao, yale mavazi ya chuma ya kujikinga vitani, na maandishi ya kigeni ambayo pale hakuna aliyeyajua. Tukachagua kwa macho. Watoto wa mkata mikoko wa Salale tungechaguaje vingine? Baba alipanga miti yake kwa unene, kuanzia myembamba: fito, pau, boriti, nguzo. Basi tukavaa deraya nene kuliko zote, tukaiita nguzo, na joka likatuua kila Jumamosi.

Wewe ndiye uliyechoka kufa. Ukaleta daftari, ukavaa deraya moja moja mbele ya joka lile lile, mimi nikihesabu mapigo. Ile nene ilivumilia matano. Ile nyembamba tuliyoidharau, tuliyoiita fito, ilivumilia kumi na mawili. Mapanga nayo ukayapima vivyo hivyo. Ukaandika kwa wino mwekundu: "Unene hausemi kitu. Pima kwanza." Nilikucheka, nikakuita profesa.

Kabla shule haijafunguliwa, baba akaja kwa shangazi kutafuta mtu wa kumsaidia kazi. Akatusimamisha ukutani, akashika mkono wako, akashika wangu.

"Huyu nguzo, nakwenda naye mikokoni. Huyo fito na asome."

Shangazi akanigeukia. "Nawe husemi kitu? Si kaka'ko ndiye anayekufundisha hesabu?"

Daftari nilikuwa nimelikumbatia. Nilijua ulichoandika humo. Nilijua pia kwamba nikilifungua, atakayekwenda mikokoni ni mimi. Nikatazama miguu yangu. Ulinisubiri kidogo, kisha ukaenda kufunga nguo zako.

Leo nafundisha hesabu, na watu husema nina kichwa. Siwabishii. Wewe ulikata mikoko miaka minne, ukaondoka bila kuaga, wala sikushangaa. Siombi msamaha, huo ni wako, utoe au ukae nao. Naona aibu, basi, na nimeona heri uijue.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa mtupu. Jana nimeandika majina yetu mawili, na mbele yake nafasi ya idadi ya mapigo tuliyovumilia. Langu nimeliandikia sifuri. Lako nimeliacha wazi, uje ujaze mwenyewe.

Kaa salama huko uliko.

Mdogo wako,
yule fito