Kikwembe changu nyuma ya frigo

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Mvua imeanza alfajiri na haina haya. Moyo wangu uko hivyo hivyo.

Miye sikuingia shule. Herufi nilifundishwa parokiani, nikiwa na watoto tayari, basi mtanivumilia. Leo nitaandika hata mkono ukiuma.

Nimedanganywa. Na aliyenidanganya nilimbeba mgongoni.

Ni Béa, binti yangu wa mwisho. Anakaa kwangu pamoja na mume wake, askari wa Base, kambi ya jeshi hapa Kamina. Tulipomaliza kuweka karo, vile vigae vya chini, katika salo ya wageni na vyumba, alisema kuta zinabaki uchi bila plinthe, ule ubao mwembamba unaotembea chini ya ukuta kuzunguka chumba. Tukaenda kuchagua pamoja. Miye nilitaka mulombwa, mti wetu, mwekundu, mgumu. Yeye akataka MDF, ubao wa unga wa miti ulioshindiliwa na gundi, unaotoka Lubumbashi umenyooka kama rula. Nikakubali. Lakini ile yenye michoro-michoro niliikataa: vumbi la Kamina likiingia humo, nani atalitoa na kijiti? Tukachukua ya wazi, nyeupe, juu imeviringwa kidogo. Tulirudi tunacheka njia nzima, yeye ameshika mzigo mbele, miye nyuma.

Fundi Ilunga alifanya kazi ya kweli. Kila ncha aliyokata aliinywesha kwanza rangi ya mafuta. Chini aliacha nafasi, unene wa ukucha, ubao usikanyage karo. Na kwa kuwa matofali yetu hayashiki msumari, alitoboa ukuta, akaingiza vigingi vya mbao, njo akapiga misumari. Kwenye pembe mbao zilikutana kama mikono ya mtu anayesali. Halafu akanigeukia miye, maana ananijua.

"Mama, hii kitu inaogopa mayi. Ile ndoo yako, basi."

Ndoo yangu! Tangu niolewe ninaosha nyumba namna moja: ninamwaga ndoo nzima ya maji na sabuni, ninasukuma na raklete, ule mpira wenye mpini, mpaka nje. Niliiacha. Kwa magoti haya haya nikashuka chini na kitambaa kibichi, nikawa ninapangusa polepole, kama mtu anafuta uso wa mtoto mchanga.

Hata hivyo plinthe ikavimba. Kwenye pembe ya salo, pale inapokaa frigo kubwa ya Béa, ile anauzia maji ya baridi. Ilifura kama mkate katika chai.

Ilikuwa Jumapili, wakwe zake wamekaa kwenye viti. Mama mkwe wake njo aliiona. Béa hakungoja hata kumeza.

"Ni mama njo alimwanga mayi. Nilimukataza. Kichwa yake imeanza kuchoka, anasahau."

Walinitazama kwa huruma. Huruma ile! Afadhali kofi.

Niliogopa. Nilijiuliza kama kweli nilimwaga maji nikasahau. Maana kikwembe changu, kitenge cha mama Wakatoliki, kile cha sikukuu, kilikuwa kimepotea pia, na Béa aliniambia nimekiweka fasi, mahali fulani, nimesahau. Kisha wakaanza kuninyang'anya mambo kidogo kidogo. Ufunguo wa mlango. Mbabula yangu ya makaa, eti nitachoma nyumba. Hata mjukuu, mtoto wa Béa, hawakunipa tena nimbebe nikiwa peke yangu. Kila asubuhi nilikuwa ninataja majina ya watoto wangu, wazima na wafu, kuona kama bado ninayo yote.

Ninayo yote.

Leo fundi Ilunga alikuja kubadilisha kile kipande. Béa alikuwa sokoni. Tulisukuma frigo, yeye upande huu, miye upande ule, naye ananitania: "Nguvu yote hii, mama, na banasema unazeeka?" Nyuma ya frigo palikuwa na kitambaa kimekunjwa, kimesukumwa chini kabisa, kimelowa, kinanuka. Nilikivuta. Kikafunguka.

Kikwembe changu.

Umeme ukikatika, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwa nyuma. Béa alijua. Alikuwa anayaziba kwa nguo yangu, na maji ambayo sikuyamwaga akaniacha niyabebe miye.

Fundi aliangalia kikwembe, akaniangalia, akaangalia mvua. "Mama, miye niko fundi ya mbao tu."

Béa aliporudi alikikuta mezani, ndani ya sahani.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Kula."

Alikaa chini na ndizi zake bado kichwani. "Mama, niliogopa. Bakwe bangesema frigo yangu inaozesha nyumba. Bangenikataza biashara."

"Weye uliogopa kupoteza frigo. Miye nilikuwa ninapoteza kichwa."

Akalia. Nilimwacha alie. Baadaye nikamsongea bukari, ugali wetu, nikampa na samaki, kwenye mbabula yangu mwenyewe, maana hakuwa amekula tangu asubuhi, na mtoto mwenye njaa hatubu vizuri.

Fundi nilimrudisha kwake na kipande chake kipya. Kile kilichovimba kisitolewe. Kitabaki pale pale na tumbo lake mpaka kesho, wakwe wakae kwenye viti vile vile, na Béa aseme ukweli kwa mdomo ule ule. Akishasema, frigo itatoka kwenda barazani, na fundi atapiga misumari yake. Ufunguo tayari nimeuchukua. Nimeufunga kwenye ncha ya kikwembe.

Atasema kweli? Sijui. Moyo wa mtoto huyu nilidhani ninaujua kama chungu changu cha kupikia.

Ninaandika leo, kabla wakwe hawajafika, wasije kusema tena kwamba nimesahau.